Chungu Nilichokiinua

Siku ya tatu ya kilio cha mume wangu, mpwa wake mmoja ambaye ni mwalimu alisimama kati ya watu waliokuwa wameketi juu ya mikeka, akaanza kueleza namna mjomba wake Kasongo alivyokutana nami. "Balikutana mu mize ya zamani, hapa Kamina," alisema. "Mama Kapinga njo mwanamuke wa kwanza kusimama mule na kufundisha bantu. Bote balipiga makofi." Watu waliitikia, na wengine walinigeukia wakatikisa vichwa kwa heshima. Mimi nilikuwa chini, kitambaa kimefunika nusu ya uso, na mjane katika kilio hasahihishi watu. Lakini tangu siku ile maneno yake yamenikaa kifuani kama tonge lisiloshuka. Makofi yalipigwa kweli. Ila nilichosema siku ile kilikuwa uongo, na Kasongo alijua kuwa ni uongo hata kabla sijamaliza kusema. Waliokuwapo walitawanyika, naye alinitunzia siri hiyo maisha yetu yote, hata watoto wetu hawakuisikia. Sasa ametangulia, na naona si haki aendelee kunitunzia akiwa kaburini. Nitaandika mwaka ule kama ulivyokuwa.

Ilikuwa miaka ya hamsini, kabla ya uhuru, nami nilikuwa na miaka kumi na tisa. Makumbusho yenyewe, ambayo watu wa kambi ya reli waliyaita mize kwa kufuata Kifaransa, yalikuwa chumba kimoja tu. Zamani chumba hicho kilikuwa stoo ya mafuta ya taa za reli, na siku za joto kuta zilikuwa bado zinatoa harufu ya petroli, kama tulivyoyaita mafuta hayo, hata nguo zako zilirudi nayo nyumbani. Kulikuwa na madirisha mawili yenye waya, rafu zilizotengenezwa kwa mbao za masanduku, na juu ya mbao hizo ungeweza bado kusoma herufi za bandari ambako masanduku yalipitia. Juu ya rafu kulikuwa na majembe ya chuma kutoka upande wa Kabongo, mitego ya samaki ya Bukama, mito ya mti ya kulalia, pinde, vikapu, na ngoma moja iliyokatazwa kupigwa ambayo kila aliyeingia aliipiga. Mwenye mize alikuwa Mbelgiji mzee aliyewahi kupima njia za reli na kukataa kurudi kwao. Aliandika kila kitu juu ya karatasi ngumu alizoziita fishi: jina la kitu, kimetoka wapi, kinafanya kazi gani, nani alikileta. Kwa hiyo watu walimwita Bwana Fishi, naye alijua na hakukasirika.

Jumapili ya kwanza ya kila mwezi, baada ya misa ya pili na baada ya watu kula, kulikuwa na mazungumzo. Mabenchi yaliazimwa shuleni. Watu wa reli walikaa mbele na viatu vyao vilivyong'aa, watu wa vijiji vya kando walikaa nyuma, na watoto walikaa chini. Bwana Fishi alichukua kitu kimoja, akakieleza kwa Kifaransa kilichochanganyika na Kiswahili chake cha kazini. Kasongo, karani kijana wa stesheni ya mizigo, alisimama kando yake akigeuza maneno kwa Kiswahili kizuri, kisha kwa Kiluba, kwa maana alikuwa mtoto wa upande wa Kabongo. Nguo zake zilikuwa mbili tu, ila zilipigwa pasi mpaka ungeweza kujikata kwa mikunjo ya suruali. Watu hawakuja kusikiliza tu. Walikuja kubishana. Nakumbuka siku ya mitego, mvuvi mmoja wa Bukama alisimama mkono kiunoni akasema, "Bwana, huu mutego umeulalisha kinyume. Samaki za kwenu zinaingiaka na mukia?" Nyumba nzima ilicheka, Kasongo naye akacheka kabla ya kutafsiri. Bwana Fishi alisikiliza tafsiri, akageuza mtego, akatoa kalamu mfukoni na kufuta mstari kwenye fishi mbele ya macho yetu. Siku nyingine fundi mmoja wa mashine alisimama mbele ya kinu akauliza, "Hii kinu iko na nini, Bwana? Ya kwangu bibi anaitwangia kila siku, na hakuna mutu anakuja kuiangalia." Mke wake akamjibu kutoka benchi la pili, "Weye mwenyewe hauiangaliake!" Nadhani ndicho watu walichokipenda pale: kumwona mzungu akisahihishwa na kuandika. Hakukuwa na mahali pengine Kamina ambapo ungeyaona hayo.

Mimi nilifika kwa sababu ya mapazia. Chumba cha kushonea cha wanawake kilikuwa ukuta kwa ukuta na mize, nami nilikuwa nashona pale. Bwana Fishi aliomba mtu wa kumshonea mapazia ili jua lisiharibu vikapu. Nilipoyapeleka aliona nimeandika vipimo kwenye karatasi, akapenda mwandiko wangu, mwandiko wa masista. Sikuwa na shule nyingi, miaka sita tu, lakini herufi zangu zilisimama wima. Akaanza kunipa fishi za kunakili. Kwa hiyo mchana wa Jumamosi nilikaa pale mezani, Kasongo upande mmoja akipanga maneno ya kesho yake, mimi upande wa pili, na katikati yetu sahani ya mihogo ya kuchoma ambayo mtumishi wa Bwana Fishi alituletea. Tulikula bila kugusana vidole, na tulijua wote wawili kwamba hatugusani.

Mwezi wa kumi na mbili Bwana Fishi aliniambia, "Kapinga, mwanamuke hata moja hajasema hapa. Weye utasema mwezi kesho. Leta kitu ya kwenu." Nilifurahi mpaka nikakosa usingizi. Kisha nikaangalia nyumba yetu ya matofali kule kambini, vyumba viwili, na nikaona hakuna kitu. Sahani zilikuwa za bati la rangi kutoka dukani. Sufuria za dukani. Hata mwiko wetu ulitoka dukani. Sisi wa Kasai tuliofuata reli tulikuja na miili yetu na majina yetu, basi. Niliona aibu ambayo sijui kuieleza vizuri. Watu wa nyuma kule kwenye mabenchi walikuwa na vitu vyenye historia, na sisi wa mbele tulikuwa na viatu.

Wiki ile mvua zilikuwa nzuri, nami nilikwenda porini kutafuta uyoga pamoja na wanawake wawili wa kambi. Tulipita nyuma ya reli mwendo wa saa moja, mpaka mahali palipokuwa zamani na kijiji kabla serikali haijakihamishia barabarani. Palikuwa na vilima vidogo vya udongo vilivyoota majani, na kichuguu kikubwa. Chini ya kichaka niliona chungu kidogo kimelala kifudifudi. Nilikigeuza. Shingo yake ilikuwa imepinda kidogo upande, kama mtu anayesikiliza, na kwenye kitako kulikuwa na tundu linaloweza kupitisha dole gumba. Mwenzangu mmoja alisema, "Achana nayo, Kapinga, iko na tundu." Nikaweka uyoga ndani yake, nikakibeba. Sikuona kaburi. Nasema kweli, sikuona. Makaburi niliyoyajua mimi yalikuwa na misalaba na uzio wa misioni. Hilo halikuwa kosa la moyo. Kosa la moyo lilikuja Jumamosi, Bwana Fishi aliponiuliza chungu kimetoka wapi. Nilimjibu, "Ni ya nkambo wangu," yaani bibi mzaa mama yangu, "ilitoka Kasai." Neno hilo halikunitoroka. Nililitafuta usiku kucha na nikalichagua.

Siku yangu ilipofika nilivaa gauni la bluu nililolishona mwenyewe. Nilieleza kwamba wanawake wa zamani walitumia chungu hicho kuchuja munkoyo, kile kinywaji chetu cha unga wa mahindi na mizizi. Nilisema waliweka majani makavu juu ya tundu, wakamimina, makapi yakabaki juu na kinywaji safi kikatoka chini. Nilionyesha kwa mikono. Nilisema nkambo wangu aliniimbia alipokuwa akichuja. Nkambo wangu alifariki kabla sijazaliwa. Kasongo aligeuza kila sentensi kwa Kiluba, na kila sentensi aliianza na maneno yaleyale: Kapinga anasema. Kapinga anasema iko ya nkambo wake. Kapinga anasema iko ya kuchujia. Nilidhani ni heshima ya kutaja jina langu. Watu wa reli mbele walipiga makofi kwa nguvu, maana binti yao alikuwa amesimama. Kule nyuma hakuna aliyebisha. Watu waliomsahihisha Bwana Fishi juu ya mtego, juu ya kinu, juu ya jembe, walikaa kimya wakiangalia magoti yao. Nikafikiri: nimesema vizuri mpaka hawana la kuongeza. Jioni ile Bwana Fishi aliandika namba arobaini na moja kwa rangi nyeupe kwenye tumbo la chungu, nami nikaandika fishi yake kwa mwandiko wangu wa wima.

Mwezi uliofuata alikuja mwanamke mmoja wa vijijini, wa umri wa mama yangu, mwembamba, mwenye chale za zamani tumboni ambazo zilionekana kidogo kitenge kilipolegea. Aliitwa Mama Numbi. Alifika kabla ya watu wote, akakaa kwenye benchi lililoelekea rafu yangu. Alikuwa amefunga kalanga za kuchemsha kwenye pembe ya nguo. Aliifungua, akanipa kwa mikono yote miwili.

"Weye njo Kapinga?"

"Ndiyo, mama."

"Unalalaka muzuri?"

"Nalalaka muzuri, mama."

"Mwili haukuume?"

"Hauniume, mama."

"Eh. Basi kula kalanga."

Nilishangaa kidogo, kisha nikafurahi. Alikuja tena mwezi uliofuata, na uliofuata, kila mara na kalanga au mahindi mabichi au boga la kuchoma, na kila mara aliniuliza kama nalala vizuri. Alikuwa anajua Kiswahili kidogo tu. Kiluba chao na Kiluba chetu cha Kasai ni kama ndugu wa baba mmoja na mama wawili, kwa hiyo nilishika neno hapa na pale, na yaliyobaki Kasongo alinisaidia. Wakati mwingine alichukua kitambaa changu cha vumbi akafuta rafu. Alifuta kushoto kwa chungu, akafuta kulia kwa chungu, na chungu chenyewe hakukigusa. Bwana Fishi alimwona akasema kwa furaha, "Huyu njo rafiki ya kweli ya mize." Alitaka kumpiga picha amesimama kando ya namba arobaini na moja. Mama Numbi alisikia tafsiri, akafunga nguo yake vizuri, akatoka nje taratibu kama mtu aliyekumbuka moto jikoni.

Nampenda mama yule mpaka leo, na ndiyo sababu sehemu hii ni ngumu kuandika. Nilikuwa nakula kalanga zake huku nikiamini kwamba ananipenda kwa sababu ya ule mchana wa gauni la bluu. Nilimwekea nafasi kwenye benchi. Niliongeza hata habari za nkambo wangu kwa ajili yake, wimbo, rangi ya majani ya kuchujia, na yeye alisikiliza kwa uso uliotulia. Wakati huohuo watu wa vijiji walianza kupungua. Kwanza waliacha kukaa, wakawa wanasimama mlangoni. Kisha wakasimama nje, wakisikiliza kupitia waya wa dirisha. Bwana Fishi alihesabu mabenchi matupu na kuumia. Kasongo alijua sababu lakini hakuisema. Alijaribu mara moja tu, jioni moja alipokuwa akinisindikiza kambini, treni ya mizigo ikipita polepole kando yetu.

"Ile chungu ya nkambo wako," aliniuliza, "ilitoka Kasai kweli?"

"Kasai kweli."

"Mu treni?"

"Mu treni. Juu ya nini unauliza?"

"Bure tu." Alitembea kidogo. "Ni safari murefu kwa chungu yenye kuwa na tundu."

Nilicheka. Nilidhani ananichokoza kama wanaume wanavyomchokoza msichana wanayempenda. Miaka mingi baadaye aliniambia kwamba usiku ule alirudi kwake akajilaumu, kwa sababu alikuwa amefika karibu mno na kunieleza.

Kiangazi kilipofika, Bwana Fishi aliamua kwamba watu wamechoka kusikia, sasa watende. Alitangaza siku ya kazi za mikono uani: kutwanga, kusuka mikeka, na mimi nichuje munkoyo kwa chungu changu, watu wote wanywe. Sikulala vizuri wiki ile, na Mama Numbi hakuwepo kuniuliza. Nilijua kwamba tundu la dole gumba halichuji kitu. Lakini nilikuwa nimeshasema, na binadamu aliyesema mara tano hujitahidi dunia ifanane na maneno yake. Nilipika munkoyo siku tatu kabla. Nilichagua majani, nikayakunja, nikayapanga juu ya tundu, nikajaribu nyumbani kwa maji, yakapita yote na majani yakafuata. Nikaongeza majani.

Siku ile ua ulijaa kuliko siku yoyote. Vumbi lilikuwa jekundu hewani, wanawake wa reli na wa vijiji walishindana kutwanga, wakitupiana maneno. "Yaya, unatwanga ao unabembeleza?" "Nabembeleza, juu kinu haiko bwana yako!" Hata Bwana Fishi alishika mchi, akatwanga nje ya kinu, watu wakashika mbavu. Kisha akapiga makofi, akaniita. Chungu kilikuwa juu ya meza, kando yake kibuyu changu cha munkoyo na vikombe. Watu wa reli walisogea mbele. Watu wa vijiji waliacha michi yao. Walirudi nyuma wote pamoja, bila neno, mpaka migongo ikagusa uzio. Uani palibaki nafasi tupu, na katika nafasi ile alipita Mama Numbi, peke yake, ameshika kikombe cha bati. Alikuja mpaka mezani.

"Anza na minyi," alisema kwa Kiswahili, akijigusa kifua. "Minyi nitakunywa wa kwanza. Bengine bangoje."

Alinyoosha kikombe mpaka kikagonga ukingo wa meza. Kwa nyuma mwanamke mmoja alishika kinywa. Bwana Fishi alimuuliza Kasongo, "Amesema nini?" Akauliza tena. Sikuwahi kumwona Kasongo akikosa kutafsiri. Nilikuwa nimeshika kibuyu kwa mikono miwili, nimeshakiinamisha. Nilimwangalia yule mama, na kwa mara ya kwanza katika miezi ile yote nilimwangalia kweli. Macho yake yalikuwa juu ya ile shingo iliyopinda.

"Mama," nilisema, "hii chungu unaijua?"

Hakujibu. Mtu asiyejua husema sijui. Yeye alisimama tu, kikombe mbele, tayari kunywa chochote ambacho ningemimina, na hapo nikaelewa kwamba alikuwa amekuja kukinywa yeye ili mwingine asikinywe.

Nilikiweka kibuyu chini. Nilisema kwa sauti, maana kama ningesema polepole ningeacha katikati: "Haiko ya nkambo wangu. Haikutoka Kasai. Niliiokota ku pori, ku kijiji ya zamani, chini ya kichaka. Sijue kazi yake. Nilidanganya bantu bote, na Bwana Fishi, na fishi. Hakuna wimbo." Wa mbele waliangaliana. Fundi wa mashine alisema, "Aka!" Kasongo aligeuza maneno yangu kwa Kiluba, neno kwa neno, na nilisikia kwamba safari hii hakuanza na Kapinga anasema. Mama Numbi alishusha kikombe.

Watu walipoondoka tulibaki wanne ndani ya kile chumba cha harufu ya petroli. Sasa Kasongo aliweza kusema, kwa kuwa nilikuwa nimesema mwenyewe. Alieleza kwa lugha mbili, mara kwangu, mara kwa Bwana Fishi. Chungu kinachotobolewa kitako huwekwa juu ya kaburi, ni cha marehemu; anayekitumia huweza kukosa usingizi au kuugua. Aliyekiinua ndiye anayekirudisha, kwa mikono yake, kwa akili yake. Ndugu wa marehemu hawezi kukidai. "Ukilomba chungu ya mufu," alisema Kasongo, "ni kama unalomba mufu mwenyewe arudie ku nyumba. Hakuna mama anatubutu. Na mwenye kukuambia nenda uirudishe, njo anakuwa mwenye kuirudisha. Mikono yako haingekuwa mu ile kazi."

Bwana Fishi alikaa juu ya sanduku. Alikuwa amezeeka ghafla. Alimwambia Kasongo amuulize mama kama chungu ni cha mtu wake. Kasongo aliuliza. Mama Numbi aliangalia mlango. Akauliza tena, mama akaangalia mlango. "Mwenye kitu anasema hii yangu, ninamupa," alisema Bwana Fishi, na sauti yake ilikuwa ya kubembeleza zaidi kuliko ya kukataa. "Ile njo sheria ya mize. Neno moja tu, mama. Kama hakuna mutu anasema hii yangu, minyi nitatosha kitu mu rafu namna gani? Kesho kila mutu atachukua." Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa anaomba neno moja ambalo mama yule asingeweza kulitoa hata kwa maisha yake, na mama alikuwa anangoja mikono miwili ambayo Bwana Fishi hakuwa nayo. Wangeweza kukaa vile mpaka mvua za mwaka uliofuata.

Nikatoa ile fishi kwenye rafu. Nilisoma mwandiko wangu, nikaona unavyopendeza. Nikamwambia, "Bwana, hapa imeandikwa mwenye kuileta ni Kapinga. Ile neno moja tu njo ya kweli. Minyi niliileta, minyi naitosha mu mize." Nikaweka fishi juu ya magoti yake, nikachukua chungu, nikayamwaga majani yake. Sikuwa jasiri. Nilijua nakipoteza kile chumba, meza ya Jumamosi, sahani ya mihogo, na heshima ya benchi la mbele. Bwana Fishi alisimama. Alikuwa kati yangu na mlango, mtu mrefu, na kwa muda kidogo sikujua atafanya nini. Kisha alisogea, akashika mlango usinifungie, kwa sababu mikono yangu ilikuwa imejaa.

Tulipita nyuma ya reli watatu, mimi mbele. Hakuna aliyenipokea mzigo wala aliyenionyesha njia. Tulipokaribia kijiji cha zamani, Kasongo na Mama Numbi walisimama pamoja, wakageuka kuangalia tulikotoka. Nikaenda peke yangu. Moto wa kiangazi ulikuwa umepita pale, kichaka changu kilikuwa vijiti vyeusi, na vilima vyote vilifanana. Nilikuwa nimekuja mara ile kuangalia uyoga, sikuangalia mahali. Nilipiga magoti kwenye kilima cha kwanza, nikagusa majivu, hapana. Cha pili, hapana. Niliogopa kumwekea mtu chungu cha mtu mwingine. Nilikumbuka kichuguu kilikuwa mkono wangu wa kulia nilipoinama, nikatafuta mpaka kikawa kulia. Chini ya majivu vidole vyangu viliona duara, udongo mgumu ulioshuka kidogo, ukubwa wa mdomo wa chungu. Nikakigeuza kifudifudi. Kilikaa kama mfuniko. Namba nyeupe ilikuwa inaonekana, nikaanza kuikwaruza kwa ukucha, na nyuma yangu, mbali, nikasikia Mama Numbi anatoa pumzi ndefu, kama mtu anayeshusha mzigo wa kuni. Alikuwa amegeuka kuniangalia; hakuwa ameahidi kutogeuka. Nikaiacha namba.

Niliporudi kwao alinishika mkono kwa mara ya kwanza. "Anaitwa Ngoie," alisema. "Mutoto wangu." Na baada ya hapo hakunyamaza tena. Tulirudi polepole, jua likishuka, naye alisema njia nzima. Ngoie alikuwa mvivu wa kutwanga, fundi wa kusingizia kichwa kinauma. Ngoie aliunguza maharagwe siku ya wageni akasema ndivyo wanavyopika Kabongo. Chungu kile kilikuwa cha kwanza kukifinyanga, shingo ilipinda kwa sababu alikuwa anacheka. Angekuwa amenizidi miaka miwili. Mama alisimama katikati ya njia kunionyesha namna Ngoie alivyotembea, akitupa miguu nje kama bata, nasi tukacheka, akatutazama na kucheka zaidi. Kasongo alikuwa kati yetu akitafsiri, sentensi kwa sentensi, kama alivyofanya siku zote. Mahali fulani kabla ya kufika reli aliacha kutafsiri, na sikuona ni wapi.